Njia ya Maji

Swali hili niliulizwa Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, kando ya birika la pembe nane lililojengwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari. Aliyeniuliza ni bibi wa Kiskoti, mkunga mstaafu, abiria wa meli ndogo ya kifahari iliyokuwa imetia nanga chini yetu. Mimi nilikuwa mhadhiri wa safari ile. Ni mwalimu mstaafu wa historia na maarifa ya Uislamu, na nilipandia bandari ya Malindi, Unguja, ili niwasimulie wageni habari za miji ya mwambao hadi Mahé, Ushelisheli. Bibi alilitazama birika, akaitazama meli, kisha akaniuliza kwa uso wa mtu anayetaka kujua kweli: katika dini yenu, mimi kuwa hapa ni dhambi?

Jua lilikuwa limepanda na boti za mpira zilikuwa zinatungoja, nikamjibu kwa ufupi kwamba dini yetu huuliza namna mtu alivyokaa kuliko mahali alipokaa. Jibu lile nalisimamia. Lakini linahitaji maelezo, nami nimeona niyatoe kwa Kiswahili, kwa sababu jambo lenyewe linatugusa sisi pengine kuliko linavyomgusa yeye.

Kwanza tuone anasa yenyewe ni nini. Icon of the Seas, meli kubwa iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni kiasi cha 2,350. SeaDream I, meli ndogo ya fahari, huchukua abiria 112 na wafanyakazi 95. Meli yetu ilikuwa ya jamii hii ya pili. Katika meli kubwa mfanyakazi mmoja hugawanywa kwa abiria watatu. Katika ndogo, kila abiria ana karibu mtu mzima wa kwake. Mgeni hulipia sakafu ya mbao nzuri na chakula kizuri, ni kweli, ila kinachopandisha bei ni watu. Kitanda chake hutandikwa asubuhi na kutengenezwa tena jioni. Kahawa humfikia kabla hajaiagiza, na ifikapo siku ya pili, kila anayepishana naye ukumbini anamtaja kwa jina.

Sitaki kuanza kwa kulaani. Kurani inakemea israfu, na papo hapo inawauliza wanaoharamisha pambo la Mwenyezi Mungu na riziki njema wamepata wapi amri hiyo. Kurani hiyo hiyo inazihesabu meli zinazopasua bahari miongoni mwa ishara za Mungu na neema zake. Na nilipokuwa nimesimama Husuni Kubwa, nisingeweza kuhubiri juu ya ubaya wa starehe huku nikiwa nimekanyaga starehe ya wazee wangu. Jumba lile lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mji ulikula katika vyombo kutoka China, ukapiga sarafu zake wenyewe, ukatajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala. Waswahili tuliijua anasa ya bahari karne nyingi kabla ya meli za kitalii.

Hata ukarimu wetu umeandikwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyokuwa akitoa. Anasimulia kwamba sultani alikuwa anatoka kuswali Ijumaa, fakiri wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, akampa. Watu wakamsifu. Mwanawe akazichukua nguo zile kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahia jambo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimeisomesha habari hii kwa miaka mingi kama ushahidi wa utukufu wa Kilwa, nao ni ushahidi kweli. Lakini ndani yake mna watu ishirini ambao hakuna aliyewauliza kitu. Wema wa mtu mmoja ulilipwa kwa maisha yao. Sultani alikuwa mcha Mungu, mnyenyekevu kwa masikini, mwenye kukaa na mafakiri na kula nao, na bado macho yake hayakuwafikia wale ishirini. Mtu anaweza kuwa mwema kwa kila anayemwona na akabaki na dhuluma kubwa kwa asiyemwona. Hapo ndipo swali la bibi linapoanza kuwa zito.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano ambao umepokewa na Nuuman bin Bashir na umo katika Sahihi ya Bukhari. Watu wamepanda chombo kimoja na wamepiga kura ya mahali pa kukaa. Wengine wameangukia juu, wengine chini. Walio chini wakitaka maji hawana budi kupanda na kupita kwa walio juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Walio juu wakiwaacha, wataangamia wote. Wakiwazuia, wataokoka wote.

Masheikh wetu wanautumia mfano huu kufundisha kukatazana maovu, na hayo ndiyo makusudio yake. Asemaye kwamba anatoboa upande wake hana hoja, kwa kuwa bahari haitambui upande. Darasani wanafunzi wangu walizoea kuwacheka watu wa chini kwa ujinga wao. Nami niliwaambia wawatazame na wa juu. Katika mapokezi mengine ndani ya Sahihi hiyo hiyo imeelezwa wazi kwamba wa juu waliudhika kwa kupitiwa na wachota maji. Mtu wa chini akashika shoka, na walipomjia kumwuliza ana nini, akawajibu kwamba wao wameudhika naye, naye hawezi kukaa bila maji. Shoka halikuinuliwa kwa ujinga peke yake. Kabla yake palikuwa na nyuso zilizokunjwa.

Tazama pia kwamba mahali pa kukaa paligawanywa kwa kura. Hakuna aliyekwenda juu kwa ubora wake, wala aliyeteremka chini kwa uvivu wake. Na kilichokuwa upande wa juu si mapambo. Ni maji, kitu ambacho kila aliye hai anakihitaji. Kosa la wa juu halikuwa kukaa juu. Kosa lilikuwa kuiona njia ya maji kama uvamizi.

Chumba changu melini kilitunzwa na kijana wa Likoni, Mombasa. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kiingereza kama alivyofundishwa. Nilipomjibu kwa Kiswahili aliweka taulo kitandani, akanyoosha mikono miwili.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Unaswali wapi humu?”

Akanieleza kwamba analala tabaka la chini, chumba kimoja na Mfilipino wa jikoni. Mmoja akiwa zamu, mwingine hupata nafasi ya kutandika mswala. Dirisha hakuna. Dira ya simu haiaminiki ndani ya chuma chote kile, hivyo humwuliza ofisa wa zamu meli inaelekea wapi, kisha akakadiria kibla mwenyewe.

Abiria hawateremki huko. Mimi kwa kuwa ni mhadhiri nilipewa ruhusa, na usiku mmoja nikaenda kuswali naye Isha. Alitaka nitangulie mbele kwa ajili ya umri wangu. Nikakataa, kwa sababu mafundisho ni kwamba mwenyeji ndiye mwenye haki zaidi ya kuswalisha mahali pake. Akaniswalisha rakaa nne, nami nyuma yake nikakamilisha nne, kama inavyompasa msafiri anayemfuata imamu anayekamilisha. Baadaye nikamwuliza mbona hakuchukua ruhusa ya kupunguza.

“Mimi sisafiri, mwalimu,” akasema. “Mimi niko kazini.”

Wanazuoni wameijadili hali ya baharia tangu zamani. Imam Ahmad bin Hanbal aliona kwamba baharia anayeishi chomboni na ahali zake hapunguzi swala, maana chombo ndicho nyumba yake. Kijana wangu ahali zake wako Likoni, na madhehebu yetu ya Kishafii yangempa ruhusa. Lakini jibu lake lilinifunulia jambo ambalo hakuna kitabu cha fikihi kinachoweza kulieleza vizuri zaidi. Tulikuwa katika chombo kimoja, tukipita maji yale yale kwa mwendo mmoja, mimi nikiwa safarini na yeye akiwa hajaondoka popote.

Hilo lilidhihirika Aldabra, huko Ushelisheli. Kisiwa kile, kilichoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, kina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na ulinzi wake ni mkali. Kabla ya kushuka kila mgeni husafisha viatu na kukagua mifuko na mikunjo ya nguo, asije akaingiza mbegu ngeni. Tulishuka. Tukaona kobe wamejikunyata kivulini kama mawe yenye subira, tukaona maji yakitoka katika wangwa kwa nguvu maji yalipokupwa. Niliposema Subhanallah, nilisema kwa moyo wote. Kijana wa Likoni amepita Aldabra mara nyingi wala hajapata kuikanyaga. Idadi ya wanaoruhusiwa kushuka ni ndogo, na jina la mtumishi wa vyumba haliingii katika karatasi hiyo.

Nikajua maji ya leo ni nini. Kisima cha meli yetu hakikuwa na ubaguzi. Mabomba yalifika kote. Kilichobaki juu ni mwanga wa mchana, usingizi wa kutosha, na kuziona ishara za Mungu ambazo meli imekwenda kuzitafuta. Bila vitu hivyo navyo binadamu hawezi kukaa muda mrefu akabaki salama.

Kuna sheria. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika Agosti 2013, unaiachia nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake ichague kipimo. Inaweza kuweka ukomo wa kazi, saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Au inaweza kuweka kima cha chini cha mapumziko, saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukitoa 77, zinasalia 91. Baharia aliye chini ya kipimo cha pili anaweza kufanya kazi saa 19 zaidi kwa wiki kuliko mwenzake wa kipimo cha kwanza, na wote wawili sheria ikawa haijavunjwa. Bendera inayopepea nyuma ya meli huamua mengi ambayo mgeni hayafikirii anapochagua chumba chenye roshani.

Naijua hoja ya upande wa pili, na niliisikia kwa wanaohusika. Kijana alinikataza kumhurumia. Mshahara ule umemjengea mama yake nyumba na unawasomesha wadogo zake; akiba nyingine anaiweka apate kusoma uofisa wa meli. Huruma, alisema, hailipi ada. Na bibi mkunga naye hakuzaliwa juu. Ameamka usiku maisha yake yote kwenda kupokea watoto wa watu, akaweka akiba, akataka kuiona bahari ya Hindi kabla hajafa. Kumwambia mwanamke huyo kwamba kupumzika kwake ni dhambi ni ukatili, na meli hizo zikisimama, Likoni itakuwa na nyumba pungufu. Ninayakubali yote hayo. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kazi ni bora kuliko kukosa kazi. Haithibitishi kwamba kila namna ya kumfanyisha mtu kazi ni ya haki. Hata wa chini katika mfano wa Mtume walikuwa na faida ya kuwamo chomboni, na bado walihitaji maji.

Mafundisho yetu kuhusu anayetuhudumia hayana utata. Mtume alimwambia Abu Dharr kwamba watumishi ni ndugu zetu ambao Mungu amewaweka chini ya mikono yetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Na katika mapokezi ya Abu Huraira, mtumishi akileta chakula na asiketishwe mezani, basi angalau apewe tonge, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto la kukipika. Naiona hekima kubwa katika kutajwa kwa joto. Mtume hakusema apewe kwa kuwa ana njaa. Alitaja joto, maana mwili wake umo tayari ndani ya chakula kile. Mlaji anatakiwa ajue nani alisimama jikoni.

Melini kwetu mtumishi hakuruhusiwa kuketi na mgeni, na nguo za kazi, milango ya siri na ngazi za nyuma vimepangwa ili kazi ifanyike bila kuonekana. Ila meli ikiwa ndogo, ukuta huo hauwezi kusimama vizuri. Katika chombo cha watu elfu kumi unaweza kumaliza safari bila kujua uso wa aliyekufulia shuka. Katika chombo cha watu mia mbili, utakutana naye kwenye zoezi la dharura, amevaa jaketi la uokozi la rangi ile ile uliyovaa wewe, na pengine yeye ndiye atakayekuonyesha boti yako. Bibi mkunga alianza hapo. Alimwuliza kila mmoja ametoka wapi, amewaacha nani nyumbani, na lini mara ya mwisho alilala usiku kucha. Hilo la mwisho ni swali la mtu aliyewahi kufanya kazi za usiku.

Bahari yenyewe hukumbusha. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ndogo ya kitalii MS Explorer ilitobolewa na barafu karibu na Antaktika na kuzama. Ndani yake mlikuwa na watu 154, abiria na wafanyakazi. Wote waliteremka katika boti za uokozi, wakakaa kwenye baridi kwa saa kadhaa, wakaokolewa na meli ya Norwe, wote. Sisi watu wa Unguja na Pemba tunaijua habari ya aina ya pili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi ikiwa imejaa kupita kiasi, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Miaka kumi na mitano kabla yake, Ziwa Victoria lilikuwa limechukua mamia katika MV Bukoba, nayo ikiwa imezidishiwa watu. Katika misiba hiyo shoka halikushikwa na masikini wa chini. Chombo hutobolewa pia na mwenye kuuza tiketi ya ziada, ambaye naye hujiambia kwamba anatumia haki ya sehemu yake.

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, aliwataka watu wafikirie kwamba wanapanga kanuni za jamii bila kujua watazaliwa matajiri au masikini, wenye afya au wagonjwa. Aliona kwamba hapo tu ndipo watakapopanga kwa uadilifu. Mfano wa Mtume unatuweka mahali pagumu zaidi, kwa kuwa kura imekwisha kupigwa, kila mtu anajua alipoangukia, na bado anadaiwa uadilifu. Kura ni kadari. Sikuchagua kuzaliwa Unguja wala kijana hakuchagua Likoni. Njia ya maji ni amana. Hiyo imewekwa mikononi mwetu, na tutaulizwa.

Ndiyo maana nimesema swali linatuhusu sisi. Wengi wanaosoma hapa hawatapanda meli ya fahari. Lakini nyumbani kwao yumo msichana wa kazi aliyetoka shamba, ambaye huamka kabla ya adhana na kulala baada ya sahani ya mwisho. Hapo wewe na mimi ndio wa juu. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unamtaka mfanyakazi wa nyumbani apate walau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Nenda kahesabu kwako. Ulizia analala chumba gani na kama kina dirisha, anakula saa ngapi na anakula nini. Kumbuka pia kama watoto wako wanamjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tumewahi kumsifu sana mwenye nyumba kwa pilau aliyowapa wageni, na hakuna aliyemkumbuka aliyesimama mbele ya moto.

Basi jibu langu kwa bibi wa Kiskoti ni hili. Si dhambi kukaa juu, wala kuifurahia bahari, wala kuhudumiwa na mtu anayelipwa haki yake. Dhambi ni kuudhika anapopita, na kujenga chombo ili asionekane akipita. Kabla ya kulipa nauli, uliza bendera ya meli na saa za mapumziko ya wafanyakazi wake; ukiwa ndani, omba walio nje ya zamu nao washuke nchi kavu; ukiona wamezuiwa, sema, kwa kuwa sauti ya aliye juu husikilizwa haraka. Nasi wenyeji tusingoje meli itie nanga. Tuanze na nyumba zetu, leo, kwa kumpa anayetufulia siku yake ya mapumziko na kiti chake mezani. Hiyo si hisani yetu kwake. Ni deni, na deni hulipwa kabla mwenyewe hajalidai.